Cheti au Ufundi: Kijana wa Mpakani Ataajiriwa kwa Lipi?



  Wewe ambaye hukuweza kufika, unayasoma haya ukiwa nyumbani Angurai, au kibandani Malaba, au kwenye duka la mjomba kule Busia, jihesabu kwamba umeketi nasi hapa.

Mada niliyopewa ni fupi lakini inauma. Kijana atafute cheti cha shule, au atafute ufundi wa mkono, ili apate kazi? Najua kila mmoja wenu ana jibu lake tayari. Mwenye cheti aliyetembea lami miaka mitatu bila kuitwa hata kwa mahojiano atasema shule ni hasara. Fundi aliyenyimwa kazi kwa kukosa karatasi atasema heri angesoma. Mimi langu nitalisema mapema, ili yule ambaye usingizi wa saumu umeanza kumvuta asilikose. Ufundi ndio unaokulisha. Lakini karatasi ndiyo inayomfanya mtu asiyekujua akukabidhi kazi yake na pesa yake. Na hapa mpakani, ndugu zangu, karibu kila mwenye pesa ni mtu asiyekujua. Ni dereva wa trela aliyetoka Mombasa juzi na kesho yuko Kampala. Ni mwenye mzigo ambaye yuko Kigali na hatakuona maisha yake yote. Ni kontrakta aliyetoka Nairobi na watu wake. Kijijini unaweza kuishi kwa jina la baba yako. Barabarani hakuna anayemjua baba yako.

Hebu tuanze na hesabu kidogo. Mwaka 2024 watahiniwa 962,512 walifanya mtihani wa KCSE. Waliopata C+ na kwenda juu, yaani alama ya kumruhusu mtu kusomea digrii, walikuwa 246,391. Toa mwenyewe. Wanabaki zaidi ya laki saba, katika mwaka mmoja tu. Hao laki saba wako wapi? Wengine wako hapa wananisikiliza. Tumezoea kuwaita "walioanguka", na hilo neno silipendi. Mtu amesoma miaka kumi na miwili, anajua kusoma, kuandika na kupiga hesabu, halafu tunamwambia ameanguka!

Sasa tazama upande wa kazi. Takwimu za serikali za kila mwaka zinaonyesha kwamba ukiacha ukulima mdogo wa nyumbani, zaidi ya watu 80 katika kila 100 wenye kazi hapa Kenya wako katika jua kali. Humo mna gereji, cherehani, kibanda, mjengo, pikipiki na sokoni. Kwa hivyo mzazi anayemwambia mtoto "soma upate ofisi" na kunyamaza hapo, anamwonyesha mlango wanaopita chini ya ishirini, na ule wanaopita themanini hamwonyeshi kabisa. Huyo mtoto akifika huko jua kali, na wengi watafika, atafika bila kutayarishwa.

Na sisi watu wa mpaka huu ndio tusingefaa kulisahau jambo hili, maana boda boda imezaliwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1960 kule Busia, vijana walifunga mito kwenye kibebeo cha baiskeli wakaanza kuvusha watu kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, mahali ambapo gari halikupita ovyo na mtu alilazimika kutembea na mizigo yake. Wakawa wanaita abiria: boda, boda! Leo neno hilo linajulikana Afrika Mashariki yote. Hakuna waziri wa elimu aliyeandika somo hilo. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, baiskeli zikaanza kupotea na pikipiki zikajaa kila njia panda, mpaka huko Angurai juu.

Simdharau mtu wa boda. Anakula jasho lake, na wengi wanasomesha ndugu zao kwa kazi hiyo. Lakini niruhusu nikuulize swali moja, wewe uliye stejini. Kuendesha ulijifunza kwa siku ngapi? Wiki moja? Mbili? Basi kila wiki mbili anaweza kutokea mwingine kama wewe akaegesha pembeni yako, na bei itashuka. Yule makanika anayezifungua injini zenu alikaa chini ya fundi miaka, akachubuka vidole, akatukanwa. Wapinzani wake hawaongezeki haraka hivyo. Kazi inayofundishwa haraka hujaa watu haraka. Hilo lipime kabla ya kuchukua mkopo wa pikipiki.

Mtu ataniuliza, kama ufundi ni mzuri hivyo, mbona wazee wetu walituimbia kalamu? Wazee hawakuwa wajinga, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu vijana wengi hawaijui historia hii.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki ikashauri kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kilimo na kazi za mikono. Mwaka huo huo kikafunguliwa chuo cha ufundi Kabete, karibu na Nairobi. Ukisikia hivyo unasema vizuri. Lakini Mwafrika wa wakati ule aliona jambo jingine. Aliona kwamba mtoto wa Mzungu anafundishwa kutawala na wake anafundishwa kupiga randa. Karani Mwafrika alivaa viatu, fundi alivaa vumbi. Aliyejua Kiingereza na hesabu aliweza kuongea na Bwana Disi ana kwa ana. Kwa hiyo watu wakahisi wanapewa ufundi ili wabaki chini, na tuhuma hiyo ikaingia katika damu. Mpaka leo mama akimwambia mtoto "usiposoma utakuwa fundi", anazungumza maneno ya miaka mia moja iliyopita bila kujua.

Huko pwani Waislamu walijaribu njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya mashauriano ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na serikali ya Kiingereza, ilianzishwa taasisi ya elimu ya Waislamu Mombasa, ile iliyojulikana kama MIOME. Ilitangazwa rasmi mwaka 1948 na wanafunzi wa kwanza wakaingia Mei 1951. Sultani alichanga, Aga Khan alichanga, Mabohora walichanga. Lengo lake lilikuwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Angalieni fikra hiyo! Waliona kwamba Mwislamu amebaki nyuma, na dawa waliyoichagua ni ufundi uliosomewa, wenye darasa na karakana pamoja. Nami sioni ajabu, kwani Nabii Nuhu alijenga safina kwa mikono yake na Nabii Daud alifua deraa za chuma, na hakuna aliyewavunjia heshima kwa hilo.

Chuo hicho kikaja kuwa cha watu wote. Mwaka 1966 kikaitwa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Mwenzake wa Nairobi, Kenya Polytechnic, alipanda vivyo hivyo na kuwa chuo kikuu mwaka huo huo wa 2013. Sisemi ni vibaya nchi kupata vyuo vikuu. Lakini ona mambo yalivyo: hata chuo cha ufundi chenyewe kilitamani digrii!

Na serikali nayo, kila kizazi inagundua mikono upya. Mwaka 1966 wenzetu wa Baraza la Makanisa walitoa ripoti iliyouliza, baada ya shule, nini? Kutokana na wasiwasi huo zikaanza politekniki za vijiji, ambazo leo ni vyuo vya ufundi chini ya kaunti. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, uliotokana na ripoti ya Mackay ya 1981, na ukaahidi kwamba mtoto akitoka darasa la nane atajua useremala, kilimo na upishi. Wazazi wakachanga harambee za karakana. Vifaa vikakosekana, walimu wakakosekana, na useremala ukageuka kuwa somo la kukariri: taja aina tano za misumeno, na mtoto hajawahi kushika hata mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ukapunguzwa, masomo hayo ya mikono yakaondolewa kwenye mtihani, na wazazi wakashukuru. Sasa tuna mtaala wa umilisi, CBC, uliojaribiwa 2017 na kuanza nchi nzima 2019. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Maneno ni yale yale ya 1985. Naomba matokeo yawe mengine.

Mzazi naye, ukimlaumu, kumbuka anachokiona kwa macho. Anaona mwalimu akilipwa hata mwezi wa mvua, na anaona fundi akikopwa mpaka anagombana na mteja. Anauza ng'ombe kwa ajili ya karo kwa sababu anataka mshahara unaojulikana tarehe. Tusimcheke. Tumwonyeshe kwamba kuna njia ya tatu.

Sasa nije kwenye jambo la hapa hapa Malaba, maana mifano ya mbali haichomi. Nazungumza juu ya kazi ya kutoa mizigo forodhani, uajenti. Kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa kazi ya fahari mpakani. Kijana alianza kwa kukimbiza makaratasi ya ajenti kutoka dirisha moja hadi jingine, akajua fomu, akajua afisa gani anakaa wapi, akajua dereva gani ana haraka. Miaka michache baadaye naye anaitwa ajenti. Hakwenda chuo, alijifunza kwa miguu. Huo ulikuwa ufundi kamili, nasema kwa heshima. Na foleni za malori zilipokuwa ndefu, kila mtu alikula: mwenye loji, mama wa chapati, muuza chai, mlinzi wa usiku.

Mwaka 2005 Kenya ikaleta forodhani mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba. Fomu zikahamia kwenye kioo. Aliyejua madirisha bila kujua kompyuta akaanza kumtegemea mwenye kujua. Kisha mwaka 2014 nchi zetu zikaanza kutumia eneo moja la forodha. Maana yake, mzigo wa Uganda hutangazwa na kulipiwa ushuru kabla haujaondoka bandarini Mombasa, na hapa mpakani unapita tu kukaguliwa. Kikaja kituo kimoja cha ukaguzi, kwamba lori linasimama mara moja tu upande linakoingia. Cha Busia kilizinduliwa na marais wawili Februari 2018. Lori lililokuwa likilala hapa siku kadhaa likawa linapita kwa saa. Kwa nchi hiyo ni neema, bei ya usafiri ilipungua na biashara ikaenda mbio. Kwa kijana aliyeishi kwa kukimbiza karatasi, chini ya miguu yake palitoboka shimo.

Nani alibaki na kazi? Hapa ndipo pa kutega masikio. Kuna cheti cha uajenti wa forodha cha Afrika Mashariki, kinachoendeshwa kwa pamoja na mamlaka za mapato na vyama vya mawakala wa nchi zetu. Aliyekipata, na akajua ile kompyuta, aliweza kuifuata kazi ilikohamia, iwe Mombasa, iwe Nairobi. Aliyekuwa na ujuzi wa kichwani tu, hata kama ulikuwa mkubwa kuliko wa mwenzake, alibaki na hadithi za zamani. Ujuzi wake haukuwa wa uongo. Ulikuwa umefungwa mahali pamoja, kwa watu waliomjua, na mahali pale palipobadilika hakuwa na cha kumwonyesha mgeni. Basi nawasihi ninyi mnaosema shule haina maana mfikirie hao. Wako wengi na hawako mbali.

Tuje kwa fundi wa stima. Tuseme kijana ametandaza nyaya katika nyumba ishirini, na hakuna hata moja iliyoungua. Lakini sheria ya kawi inataka anayeweka nyaya awe na leseni ya EPRA, na Kenya Power haiungi nyumba mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi kwamba kazi iko sawa. Kwa hiyo yule aliyefanya kazi anamtafuta mwenye leseni, anampa sehemu ya pesa, yeye anatia sahihi. Wengine hutia sahihi bila hata kufika pale, jambo ambalo ni hatari na ni dhuluma, lakini leo si mada yetu. Angalia tu pesa inakwenda wapi. Kila nyumba, mwenye karatasi anakula jasho la mwenye ujuzi. Na atakula mpaka siku yule kijana atakapopata karatasi yake.

Seremala hali kadhalika. Mwaka 2020, wakati wa Korona, serikali ilitenga shilingi bilioni 1.9 ili madawati ya shule yatengenezwe na mafundi wa mitaani badala ya kampuni kubwa. Na tangu 2013 asilimia 30 ya tenda za serikali zimetengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Lakini huwezi kuigusa tenda bila kusajili biashara, bila nambari ya KRA, bila cheti cha kulipa ushuru, bila kuandika makadirio yanayosomeka. Kinachotokea ni kwamba tenda inakwenda kwa mtu wa mjini mwenye faili safi, naye anakuja kwa seremala wa Amagoro kumwambia nichongee dawati kwa bei hii. Bei ya tenda seremala haijui. Sasa nikuulize, hapa msikitini kwetu hakuna kijana aliyesoma biashara chuo kikuu akakaa nyumbani bila kazi? Yupo. Na seremala yupo. Wanaswali safu moja, bega kwa bega, na hawajawahi kuulizana unafanya nini. Mmoja anajua kuandika faili, mwingine anajua kuchonga. Wallahi mimi hili linaniuma kuliko mambo ya serikali.

Kwa hiyo wewe mwenye digrii au diploma uliyekaa bure, sitakwambia uitupe. Nakwambia iwekee mikono. Nenda kwa fundi, kaa mwaka mmoja. Ndiyo, utaitwa "wewe" na mtoto wa miaka kumi na saba, kwa sababu yeye anajua spana na wewe hujui. Vumilia. Utakapokuwa na ujuzi wake pamoja na elimu yako, utaandika risiti, utapiga hesabu ya faida, utasoma kitabu cha mtambo kilichoandikwa Kiingereza, utajibu barua ya mteja aliye Kampala. Kuna makanika hodari sana wanaofilisika kwa sababu hawajui wamenunua spea kwa ngapi na wameuza kwa ngapi. Hiyo ndiyo kazi ya shule, na kazi hiyo shule imekufanyia tayari.

Na wewe mwenye ufundi bila cheti, au mwenye alama ndogo, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka uondoke na kitu mkononi.

Kwanza, mlango wa chuo haujafungwa. Kwa C- unaingia diploma. Kwa D unaingia cheti cha ufundi kinachoitwa craft. Kwa E, naam, E, unaingia kozi ya artisan, kisha unapanda ngazi mpaka ufike juu ukitaka. Vyuo vya ufundi vya kaunti navyo vinapokea hata ambaye hakufika sekondari. Wengi wenu hamkuambiwa haya, mkachoma vyeti vyenu moyoni siku ya matokeo.

Pili, ikiwa tayari una kazi yako na huwezi kurudi darasani, iko Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Wao hutoa mitihani ya ufundi ya serikali kwa gredi tatu. Unaanza na ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza ambayo ndiyo ya juu. Iko ya uashi, ya umeme, ya magari, ya kushona, ya mabomba, ya kuchomelea, ya nywele. Mtihani una pande mbili, vitendo na nadharia. Kwenye vitendo sina wasiwasi na ninyi. Kwenye nadharia ndipo fundi wa mtaani hutishika, kwani anajua kukiunganisha kitu lakini hajui kinaitwaje kitabuni. Basi nenda chuo cha ufundi kilicho karibu nawe, hao huandaa watu kwa mitihani hii, uombe kusaidiwa nadharia jioni baada ya kazi. Hata huyo kijana wa chuo kikuu wa safu yako anaweza kukusomea. Tena miaka ya karibuni, mamlaka inayosimamia sifa za elimu nchini, KNQA, imeleta utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Uliza habari zake, usingoje uletewe.

Ng'ambo ya pili hapo, Uganda, jambo hili walilianza mapema. Chini ya sheria yao ya ufundi ya mwaka 2008 fundi aliweza kupimwa kwa kazi yake mwenyewe, hata kwa lugha ya kwao, bila kuulizwa cheti cha shule, akapewa kijitabu kinachoonyesha anaweza kufanya nini. Baadhi yenu mna shangazi na binamu Tororo. Waulizeni.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kazi kubwa zinapokuja, huja na mgeni. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima Uganda hadi Tanga ni la kilomita 1,443. Mchomeleaji wa bomba kama hilo haulizwi amechomelea mageti mangapi. Anapimwa, kiungo chake kinapigwa picha ndani, na akipita anapewa karatasi. Asipopita anarudi kwenye mageti. Reli ya kisasa iliishia Suswa mwaka 2019, na habari za kuileta Malaba tumezisikia mara nyingi. Ikifika, kontrakta atashuka na orodha yake ya watu anaowataka, na pembeni ya kila kazi imeandikwa cheti gani. Wakati huo si wakati wa kuanza kutafuta gredi. Tusije tukaandamana tukisema watu wa nje wamechukua kazi zetu, na sisi hatukuwa na hata gredi ya tatu.

Dada zangu, msidhani nimewasahau. Mwezi huu tazameni ni nani ana kazi nyingi kuliko wote mtaani. Ni fundi cherehani. Kanzu za Idi, mabuibui, nguo za watoto. Na tazameni malalamiko ni yapi: "njoo kesho, njoo kesho", mpaka Idi imeingia na nguo haina vifungo. Fundi aliyepokea malipo ya kwanza amepokea amana. Mshonaji anayetoa nguo siku aliyosema, hata kama si hodari sana, wateja watamfuata mpaka Bungoma. Hilo halifundishwi chuoni wala gerejini. Nami nataka kuona binti wa hapa akichukua umeme au mabomba pia. Mama wengi wangefurahi mwanamke aingie jikoni mwao kutengeneza bomba kuliko mwanamume wasiyemjua.

Na ninyi mafundi wakubwa mlioketi hapa, nina neno moja, msinikasirikie. Kuna mwanafunzi amekaa kwenu miaka mitatu na bado ananunua chai na kuosha vyuma kwa petroli. Mnaogopa akijua atafungua gereji yake mkabala. Atafungua tu, leo au kesho. Lakini ukimfundisha, ukamwandikia barua kwamba alikuwa kwako tangu mwezi fulani na anajua kufanya hiki na kile, ukatia sahihi na nambari yako ya simu, umempa karatasi ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Ataichukua anapokwenda kujiandikisha kwa mtihani wa gredi. Haikugharimu chochote, ila wino.

Kuhusu ada ya mtihani, najua ndilo swali linalokuja. Inabadilika kwa fani na kwa gredi, muulizeni msajili wa chuo kabla ya kwenda na pesa mkononi, na msimpe dalali wa njiani hata shilingi. Anayesema atakuuzia gredi bila mtihani anakuuzia kesi. Wenye nia wakiwa kumi au kumi na watano, waandikishwe pamoja hapa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, tuende chuoni kama kundi. Ni rahisi mwalimu kupanga masomo ya jioni kwa watu kumi kuliko kwa mmoja. Kila mmoja aje na kitambulisho, picha mbili ndogo, cheti chochote cha shule alicho nacho hata kikiwa na E, na hiyo barua ya fundi wake.

Naona jua limeshuka na mama zetu wameanza kupanga sahani. Maswali nitayapokea baada ya futari na Maghribi, InshaAllah. Yule kijana wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipotaja boda boda, wewe utakuwa wa kwanza.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.